Umeme Ukikatika, Amana Zetu Hulala Wapi?



Juma hili tumeazimia kujibu swali ambalo limekuwa likitufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa akina mama wanaoweka akiba zao katika simu. Umeme unapokatika mji mzima, fedha zile huwa wapi? Na unaporudi, ni nani aliyehakikisha kwamba zimerudi kamili, bila kupungua shilingi wala kuzidi?

Swali hili si la mafundi peke yao. Hapa Tandale, mchango wa mazishi, ada ya madrasa, marejesho ya kikoba, malipo ya gunia la mahindi pale sokoni na matumizi anayotumiwa mzazi aliyebaki Handeni, vyote hupita katika simu. Na maiti hasubiri. Ikiwa mchango wa sanda na gari umeganda njiani kwa sababu ya giza, familia iliyofiwa haina nafasi ya kungoja hadi keshokutwa.

Giza lenyewe si jambo la kufikirika. Tarehe 1 Aprili 2024, tukiwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikakosa umeme. Wenzetu wa Kenya walipatwa na jambo hilo hilo tarehe 25 Agosti 2023, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani, kwa kuwa jenereta ya akiba ya sehemu ya majengo yake haikuwaka. Ndugu zetu wa Unguja wana kumbukumbu ndefu zaidi. Waya wa chini ya bahari uliokuwa ukiwaletea umeme kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulipoharibika Desemba 2009, walikaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010.

Yapo pia mambo ya kinyume chake. Mwezi Mei 2021 umeme ulikuwapo, bali mfumo wa kompyuta wa kuuzia umeme wa LUKU ndio uliopata hitilafu kwa siku kadhaa. Watu wakapanga foleni katika ofisi za TANESCO, na nyumba nyingi zikalala gizani ilhali nguzo zina umeme. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba daftari la kompyuta na taa ya sebuleni ni mambo yanayotegemeana.

Daftari moja, juzuu nyingi

Tuanze na daftari lenyewe. Kumbukumbu za fedha huandikwa katika kile kinachoitwa kanzidata, yaani daftari kubwa la kielektroniki. Wateja wanapofikia mamilioni, kompyuta moja haiwezi kulibeba daftari lote wala kuwahudumia wote kwa wakati mmoja. Mifumo mikubwa duniani imepata suluhisho ambalo msomaji wa Qur'ani halimshangazi, nalo ni kuligawa daftari katika juzuu. Juzuu ya kwanza ina wateja hawa, ya pili ina wale, na kila juzuu hukaa katika seva zake. Kisha huwekwa faharasa, ambayo kazi yake ni kueleza mteja fulani yumo katika juzuu ipi.

Lakini juzuu ikiwa moja tu, na seva yake ikaungua, wateja wote waliomo wamepotea. Kwa hiyo kila juzuu huandikwa katika nakala kadhaa, aghalabu tatu au tano, katika seva mbalimbali. Nakala moja huwa kiongozi, ndiyo inayopokea maandishi mapya. Nyingine humfuata kiongozi na kuandika kile alichoandika. Hivyo ndivyo kundi zima la seva linavyofanya kazi katika siku ya amani.

Kinachotokea giza linapoingia

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo ni ya haraka sana lakini hufutika mara tu umeme unapokatika. Pa pili ni diski, ambayo ni ya polepole zaidi lakini haisahau. Hatari yote ya kukatika kwa umeme imo katika pengo lililoko kati ya sehemu hizi mbili, kwa maana ya jambo lililokwisha kufanywa katika kumbukumbu ya muda, ila bado halijafika kwenye diski.

Wataalamu walilitafutia pengo hilo dawa miaka mingi iliyopita. Mmarekani Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998 kwa kazi yake juu ya kanzidata na miamala, ni miongoni mwa walioweka msingi wa jambo hili. Mwaka 1992 C. Mohan na wenzake wa kampuni ya IBM walichapisha utaratibu uliokamilika, ambao athari yake ingali ikionekana katika kanzidata nyingi hadi leo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza: kabla ya kugusa ukurasa wa daftari, andika kwanza katika shajara kile unachokusudia kufanya, na uhakikishe maandishi hayo yamefika kwenye diski. Umeme ukikatika, seva inapoamka haibahatishi. Hufungua shajara na kuisoma kuanzia alama ya mwisho ya usalama. Muamala uliokamilika katika shajara lakini haujafika kwenye ukurasa, huandikwa upya. Muamala ulioanza usimalizike, hufutwa kana kwamba haukuwahi kuanza. Hakuna muamala unaoachwa nusu.

Hapa ndipo uaminifu unapopimwa. Mfumo mwadilifu haumtumii mteja ujumbe wa kwamba muamala umefanikiwa mpaka maandishi yawe yamefika kwenye diski, tena katika diski zaidi ya moja. Mfumo unaotaka sifa ya kasi unaweza kutuma ujumbe kwanza na kuandika baadaye. Siku ya amani hutaona tofauti kati yao. Umeme ukikatika ndipo utakapomjua aliyekuwa akisema kweli.

Akidi: kwa nini wawili kati ya watatu

Sasa tuchukulie kwamba juzuu moja ina nakala tatu, na umeme umerudi. Nakala ya kwanza inasema salio la mteja ni shilingi 40,000. Ya pili inasema 40,000. Ya tatu, iliyozimika mapema zaidi, inasema 65,000. Ipi ifuatwe?

Wenzetu wa kamati za misikiti na vikundi watalifahamu jibu mara moja, kwa sababu ni jambo wanalolitekeleza katika kila kikao, nalo ni akidi. Uamuzi hauwi halali mpaka wajumbe zaidi ya nusu wawe wameushuhudia. Katika nakala tatu, akidi ni mbili. Katika nakala tano, akidi ni tatu.

Wengi hudhani kwamba akidi ni heshima ya wingi tu. Hekima yake ni ya hesabu. Chukua kamati ya watu watano. Kikao cha leo kikihudhuriwa na watatu, na cha kesho kikahudhuriwa na watatu wengine, haiwezekani vikao hivyo visiwe na angalau mtu mmoja aliyehudhuria vyote viwili. Mtu huyo ndiye atakayesema, "Jana tulikwisha kuliamua jambo hili." Basi akidi mbili haziwezi kupitisha maamuzi yanayopingana bila ya mmoja wao kujua. Seva hutumia hesabu hiyo hiyo. Nakala zikiamka, huulizana, humchagua kiongozi ambaye shajara yake haijapitwa na ya wale wanaompigia kura, na kiongozi hapatikani ila kwa kura za akidi. Nakala iliyochelewa haiadhibiwi wala haitupwi. Husomeshwa yale yaliyoipita mpaka iwe sawa na wenzake.

Mwanachuoni wa kompyuta Leslie Lamport alipoeleza kanuni hizi katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1998, alichagua kuzisimulia kama habari za bunge la kisiwa cha Paxos cha Ugiriki, ambalo wabunge wake walikuwa wakiingia na kutoka wapendavyo, na hata hivyo sheria hazikupotea wala kugongana. Makatibu wa kamati wangeisoma habari hiyo kwa tabasamu, maana wajumbe wa namna hiyo tunao.

Akidi ikipuuzwa, au ikiwekwa mahali pasipofaa, madhara yake ni makubwa. Tarehe 21 Oktoba 2018 kampuni ya GitHub ya Marekani, inayohifadhi kazi za watengeneza programu wa dunia nzima, ilikatikiwa mawasiliano kati ya vituo vyake kwa sekunde 43 tu. Katika muda huo mfupi uongozi wa kanzidata ukahamia pwani ya magharibi ya Marekani, ilhali pwani ya mashariki yalikuwapo maandishi machache ambayo hayajavuka. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na jambo ambalo mwenzake hana. Mafundi wangeweza kufuta upande mmoja na kufungua milango upesi. Hawakufanya hivyo. Walichagua usahihi badala ya haraka, na huduma ikachukua saa 24 na dakika 11 kurejea katika hali yake. Sekunde 43 zililipwa kwa siku nzima.

Hatuna budi kukumbusha hapa kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Waliojenga mifumo hii walifikia kwa njia ya hesabu jambo ambalo wazee wetu walilifanyia kazi katika biashara zao, kwamba kumbukumbu ya mali haiachwi mikononi mwa mmoja.

Muamala ulionaswa katikati

Lililo gumu kuliko yote ni muamala unaogusa juzuu mbili. Mama wa Tandale anamtumia mwanawe wa Tanga shilingi 20,000. Mama yumo katika juzuu ya tatu, mwana yumo katika juzuu ya tisa. Fedha ikitoka huku isiingie kule, imepotea. Ikiingia kule bila kutoka huku, imezaliwa bila mzazi.

Utaratibu uliozoeleka una hatua mbili. Kwanza, mratibu wa muamala huziuliza juzuu zote mbili, "Je, mko tayari?" Kila moja huandika katika shajara yake kwamba iko tayari, na huizuia fedha ile isitumike kwa jambo jingine. Pili, mratibu akipata jibu la wote, huandika uamuzi na kuutangaza, ndipo fedha hutoka na kuingia.

Umeme ukikatika kati ya hatua ya kwanza na ya pili, juzuu iliyosema "niko tayari" haina ruhusa ya kuamua peke yake. Hairuhusiwi kuirudisha fedha, maana pengine mratibu alikwisha kuamua iende. Hairuhusiwi kuipeleka, maana pengine mratibu alighairi. Inalazimika kuishika hadi mratibu arejee na kusoma uamuzi wake katika shajara yake. Hiyo ndiyo saa ambayo mteja hutazama salio na kuona fedha imepungua, naye aliyetumiwa anaapa kwamba haijafika. Wote wawili wanasema kweli. Fedha haijaibiwa. Imeshikwa, na inasubiri hukumu.

Kuamka kwa utaratibu

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kurudi kwa umeme kunaweza kudhuru kuliko kukatika kwake. Tarehe 27 Mei 2017 shirika la ndege la British Airways lilipoteza umeme katika kituo chake cha kompyuta karibu na uwanja wa Heathrow, London. Wakuu wa kampuni walieleza kwamba umeme ulirudishwa bila utaratibu na ukaharibu mitambo. Abiria wapatao 75,000 wakakwama.

Gridi yenyewe hufufuliwa kidogo kidogo: mtambo mmoja huwashwa, kisha laini moja, kisha sehemu moja ya mzigo, mpaka mji wote upate mwanga. Ukiupa mtambo mmoja mzigo wote kwa mara moja, utaanguka tena. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, nayo haiwashwi yote kwa pigo moja.

Kundi la seva hufufuliwa vivyo hivyo. Katika mfumo unaoitwa MongoDB, kwa mfano, seva za faharasa ndizo huwashwa kwanza, kwa kuwa bila hizo hakuna anayejua nani yuko wapi. Kisha huwashwa seva za juzuu, kila juzuu ikamilishe akidi yake na kumchagua kiongozi. Mwisho huwashwa walinda mlango, yaani seva zinazopokea maombi ya wateja na kuyaelekeza panapohusika. Kabla ya kufungua mlango wote, mafundi makini hulinganisha hesabu: jumla iliyotoka iwe sawa na jumla iliyoingia, na miamala iliyoshikwa iwe imepatiwa hukumu. Kisha wateja huruhusiwa kwa mafungu. Maana wateja wote wakibonyeza kwa pamoja baada ya kiu ya saa nyingi, seva zilizoamka sasa hivi zitalala tena.

Kwa hiyo umeme unaporudi Tandale saa kumi na huduma ya fedha ikarudi saa mbili usiku, si lazima iwe ni uzembe. Huenda kuna watu wanaolinganisha hesabu.

Nakala zilizo chini ya paa moja

Lakini akidi, shajara na hatua mbili havitoshi ikiwa nakala zote zinakaa katika nyumba moja. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia katika betri uliwaka katika kituo cha serikali cha kompyuta mjini Daejeon, Korea Kusini. Mamia ya mifumo ya serikali yalisimama. Hifadhi moja ya nyaraka za watumishi wa umma, yenye ukubwa wa terabaiti 858, ikateketea yote, kwa kuwa ilikuwa kubwa mno na haikuwekewa nakala nje ya jengo. Serikali hiyo ilipoteza kazi za watumishi wake kwa sababu hiyo.

Hapa kwetu kituo cha Taifa cha kuhifadhi data kiko Kijitonyama, jirani kabisa na Tandale. Jirani wa kituo hicho ana haki ya kuuliza swali moja la kiungwana kila anapoambiwa kwamba kumbukumbu zake zi salama: nakala ya pili iko wapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini? Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kwa majaribio ni tumaini tu.

Lililo juu ya mfumo

Kuna jambo moja ambalo mfumo wowote, uwe mzuri kiasi gani, hauwezi kulitenda. Katika mtaa wetu dada mmoja mwenye genge la mboga alituma mchango wa mazishi wakati umeme umekatika. Ujumbe wa kuthibitisha haukuja. Akiona haya kwamba jina lake halitasomwa miongoni mwa waliochanga, akatuma tena, kisha mara ya tatu. Huduma iliporejea, miamala yote mitatu ikatimia, na mtaji wa genge la kesho ukawa umekwisha.

Mfumo haukukosea. Uliagizwa mara tatu, nao ukatii mara tatu. Kila agizo lilikuwa na namba yake na halali yake. Mweka hazina wa kamati ndiye aliyeona jina moja na kiasi kimoja mara tatu, akampigia simu, akamuuliza nia yake, na fungu mbili zikarudishwa asubuhi ile ile kabla hajaenda sokoni. Siku hiyo hiyo jina jingine lilionekana mara mbili, na huyo alipoulizwa alijibu kwamba la pili amemchangia marehemu kwa niaba ya mama yake. Seva huhifadhi maandishi. Nia haisomi, na kwa hiyo kazi ya kuuliza imebaki kwa wanadamu.

Kutokana na hayo, tunazishauri familia na vikundi mambo yafuatayo.

1. Ukituma fedha wakati wa hitilafu na ujumbe usije, usitume tena. Tazama salio. Likiwa limepungua, fedha imeshikwa au imefika. Muulize mpokeaji, na usubiri.

2. Tunza namba ya muamala. Usifute ujumbe mpaka aliyetumiwa athibitishe. Namba hiyo ndiyo shahidi wako mbele ya watoa huduma.

3. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri kwa madai kwamba anakusaidia kurejesha fedha iliyokwama. Matapeli huyapenda sana masaa ya giza. Mfumo hurejesha kwa shajara yake, hauhitaji siri yako.

4. Kikundi kiwe na daftari la karatasi, liandikwe na mmoja na lishuhudiwe na mwingine. Nakala zikae nyumba tofauti: moja kwa katibu, moja kwa mweka hazina, na moja kwa mzee asiyekaa mtaa mmoja nao.

5. Mara moja kwa mwezi nakala hizo zikutanishwe na kulinganishwa. Zikitofautiana, zifuatwe zinazokubaliana, na sababu ya ile ya tatu kutofautiana itafutwe bila kumtuhumu mtu.

6. Fungu la mazishi lisikae lote katika simu. Kiasi cha sanda, gari na wachimba kaburi kiwe taslimu, mahali panapojulikana na watu wawili.

Wazee wetu waliweka amana kwa mtu waliyemjua uso wake. Sisi tunaziweka kwa mashine ambazo hatutaziona kamwe, zinazotunzwa na vijana ambao majina yao hatuyajui, wanaokesha na tochi usiku wa giza wakilinganisha juzuu na juzuu. Miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wapo wazazi wenye watoto wanaosomea kazi hiyo. Wawahimize. Kazi ya kurudisha amana za watu kwa wenyewe, kamili, bila kupungua wala kuzidi, ni kazi ya heshima hata pale anapoifanya mtu asiyejulikana na wenye mali.

Wabillahi tawfiq.